Nani Atautilia Maji? Miti Yetu na Haki ya Watakaokuja



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyeteremsha maji kutoka mbinguni akaotesha kwayo mimea ya kila namna. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Wapenzi wasomaji, safu yetu ya wiki hii inahusu miti. Huenda baadhi yenu mkaona kuwa jambo hili ni la wakulima, au la serikali na mashirika, wala si la ukurasa wa familia. Tunakuombeni subira kidogo, kwani tutaona pamoja kuwa ni jambo la nyumba, na kwamba wenye nafasi kubwa zaidi ndani yake ni kina mama na watoto wao.

Habari za kupanda miti zimekuwa nyingi katika nchi yetu. Serikali ilitangaza azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikawa siku ya mapumziko ili wananchi wote watoke wakapande. Shule zimepanda, misikiti imepanda, vikundi vya kina mama vimepanda. Hayo ni mema, na kila aliyeshiriki kwa nia safi atalipwa na Mola wake.

Lakini mama yeyote anajua kuwa kuzaa ni siku moja na kulea ni miaka. Mche uliopandwa Pwani mwezi wa Novemba hupata mvua za vuli kwa wiki chache tu. Kisha huingia kaskazi, jua la Januari na Februari likawa kali, mchanga ukapata moto, na mbuzi wakaanza kutafuta jani lolote bichi lililosalia mtaani. Wakati huo waliokuja na majembe wamekwisha kurudi makwao, na picha zimekwisha kusahauliwa. Mche husimama peke yake. Mwezi wa Machi ukipita hapo, utakuta kijiti kikavu na shimo lililoanza kujaa takataka. Kwa hivyo swali letu leo halihusu idadi ya miche iliyopandwa. Tunauliza: nani ameahidi kuutilia maji mti huu, na ameahidi mbele ya nani?

Shamba la Ummu Mubashir

Wengi wetu tumeisikia hadithi ya Mtume (S.A.W.) kuhusu fadhila za kupanda: kwamba Muislamu akipanda mti au akilima mmea, kisha akala humo binadamu, ndege au mnyama, basi huandikiwa sadaka. Jambo ambalo halitajwi sana katika mimbari zetu ni kwamba, katika mojawapo ya mapokezi ya Imam Muslim, maneno haya yalisemwa mbele ya mwanamke, ndani ya shamba lake. Mtume (S.A.W.) aliingia katika mitende ya Ummu Mubashir, mwanamke wa Kiansari, akamuuliza ni nani aliyeipanda mitende ile, Muislamu au asiyekuwa Muislamu. Bibi yule akajibu kuwa ni Muislamu. Hapo ndipo Mtume akaibainisha fadhila hiyo.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, mwanamke yule alikuwa na mitende yake, na Mtume hakuliona hilo kuwa jambo geni. Pili, Mtume hakuanza kwa kuuliza mavuno ni kiasi gani wala bei ya tende sokoni. Aliuliza kuhusu aliyepanda. Mti uko mbele ya macho, na aliyeupanda huenda hayupo tena, lakini hesabu yake ingali wazi na mema yangali yakiandikwa.

Katika Sahihi hiyo hiyo imekuja habari ya shangazi, au tuseme khaloo, yake Jabir (R.A.), yaani ndugu wa mamake. Bibi huyu alikuwa ameachwa na yumo katika eda, akataka kutoka kwenda kuchuma tende zake. Mtu mmoja akamkataza asitoke. Akaenda kwa Mtume (S.A.W.) kuuliza, naye akamruhusu aende akachume, kwani huenda akatoa sadaka au akafanya jambo la wema. Mwanamke aliyeachwa hakuwa mikono mitupu. Mitende yake ilimpa riziki, ikampa sababu ya kutoka, na ikampa cha kuwapa wenzake. Ni dada wangapi miongoni mwetu leo ambao talaka ikiwafika hawana hata mti mmoja walioupanda kwa jina lao?

Sababu tatu za kutopanda

Ukiwahimiza watu wapande miti, husikia majibu yanayofanana. Wa kwanza husema, "Mimi ni mtu mzima, mnazi huu nitaula lini?" Ni kweli kwamba mnazi wetu mrefu wa asili huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa, na mwembe uliooteshwa kwa kokwa huchukua muda kama huo. Lakini mnazi huohuo huweza kuendelea kuzaa kwa zaidi ya miaka 60, na mwembe huishi hata kupita umri wa mwanadamu. Jibu la Mtume (S.A.W.) lililopokewa na Anas bin Malik (R.A.) linaondoa kabisa hoja hii: kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, basi kama aweza kuupanda kabla hakijasimama, na aupande. Hakuna tarajio la mavuno hapo. Kilichobaki ni utiifu wa mja kwa Mola wake.

Wa pili husema, "Nikipanda, watoto wa mtaa wataiba." Huyu naye amejibiwa. Katika mapokezi ya Jabir (R.A.) imetajwa kuwa hata kilichoibwa katika mti huo ni sadaka kwa aliyeupanda. Wizi unabaki kuwa wizi, na mtoto afunzwe kubisha hodi na kuomba. Lakini mwenye mti asikeshe akihesabu maembe yaliyopotea, kwa sababu kwa Mola wake hayakupotea.

Wa tatu husema, "Hapa nimepanga tu, nyumba si yangu." Sababu hii ndiyo nzito kuliko zote katika Pwani yetu, nasi tutairudia hapa chini kwa sababu inagusa haki za watu.

Miche 300 ya Salman

Tunapozungumzia kupanda kwa pamoja, hatuna mfano ulio bora kuliko kisa cha Salman al-Farisi (R.A.). Salman alikuwa mtumwa mjini Madina. Mtume (S.A.W.) alimshauri aandikiane na bwana wake mkataba wa kujikomboa. Bwana yule akaweka masharti mawili: uqiya 40 za dhahabu, na mitende 300 ambayo Salman ataipanda mpaka ishike na kuwa hai.

Mtu mmoja, tena mtumwa, angezipata wapi mbegu za mitende 300? Mtume (S.A.W.) akawaambia masahaba wamsaidie ndugu yao. Wakaja mmoja na miche 30, mwengine na 20, mwengine na 15, mwengine na 10, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake, hata ikatimia 300. Salman akachimba mashimo, wenzake wakimsaidia. Mashimo yalipokuwa tayari, Mtume (S.A.W.) akaja, wao wakimkaribishia miche naye akiipanda kwa mkono wake mtukufu. Salman mwenyewe amesimulia kuwa haukufa hata mche mmoja. Dhahabu nayo ikapatikana baadaye, na Salman akawa huru.

Ndani ya kisa hiki mna mafunzo ambayo kila mtaa unaweza kuyafuata. Hakuna aliyetakiwa kuleta miche yote 300. Aliyekuwa na 10 hakuona haya mbele ya aliyeleta 30. Kazi iligawanywa: wa kutoa, wa kuchimba, wa kubeba na wa kupanda. Na lililo kubwa zaidi, sharti halikuwa kupanda tu. Mche uliokufa usingehesabiwa, na uhuru wa mtu ulikuwa umefungwa na uhai wa miti ile. Laiti nasi tungehesabu miti yetu kwa namna hiyo, tukaacha kutangaza tuliyopanda tukatangaza iliyo hai baada ya mwaka.

Tuliyoyaona katika Pwani yetu

Mtu asidhani kuwa haya ni ya Madina ya zamani tu. Tuangalie Gazi, kule Kwale. Mikoko ya ghuba ile ilikatwa sana katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda, na sehemu nyingine zikabaki matope matupu. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, wataalamu wa utafiti wa bahari wakishirikiana na wanakijiji walianza kupanda upya. Ilichukua miaka mingi ya kupanda, kupoteza na kurudia. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanza mradi uitwao Mikoko Pamoja, wa kuhifadhi hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayofyonzwa na miti hiyo. Fedha zinazopatikana hujadiliwa na wanakijiji wenyewe, na zimetumika kuleta maji ya mfereji na kusaidia shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kina mama wa Gazi nao wana njia yao ya mbao inayopita katikati ya mikoko. Wageni hulipa kuitembea, hupikiwa chakula, na pato husaidia wanakikundi na watoto.

Hebu tuhesabu. Kati ya mche wa kwanza kutiwa matopeni na maji kufika kijijini ilipita miaka kama 20. Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa amekwisha kuwa kijana. Miongoni mwa waliopanda mwanzo wapo waliopanda bila kujua kuwa siku moja kuna atakayelipa fedha kwa ajili ya hewa. Walichojua ni kuwa kaa, kamba na samaki wadogo hulelewa katika mizizi ya mikoko, na kwamba ufuo usio na mikoko huliwa na mawimbi.

Mfano wa pili uko Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji yaliacha ardhi nyeupe ya matumbawe, isiyo na udongo wala kivuli, na maji yake yana chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alijaribu kupanda humo aina 26 za miti. Baada ya miezi michache zilisalia aina tatu tu, na uliostahimili zaidi ulikuwa mvinje. Hata hivyo majani ya mvinje yalipoanguka hayakuoza. Yalilala juu ya mawe kama mkeka. Ndipo wakaletwa majongoo, wakayala majani yale, na kinyesi chao kikaanza kuwa udongo. Sisi tuna methali yetu isemayo kuwa mtupa jongoo hutupa na mti wake. Kule Bamburi mti na jongoo wake walihitajiana, na leo pale palipokuwa jangwa la mawe pana msitu, ndege na vidimbwi vya samaki. Subhanallah! Kiumbe tunachokifagia mlangoni kwa karaha kilikuwa na kazi yake katika kuihuisha ardhi iliyokufa.

Mti, ardhi na mirathi

Sasa turudi kwa yule aliyesema nyumba si yake. Katika Pwani yetu mti haukuwa kivuli na matunda tu. Mti ni ushahidi. Tangu zamani mnazi uliweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi iliousimamisha ikawa ya mwengine, na minazi ikauzwa, ikawekwa rehani au ikarithiwa peke yake. Kwa sababu hiyohiyo wenye mashamba wengi waliwakataza wakaazi wao kupanda miti ya kudumu kama minazi na mikanju, wakihofu kuwa anayepanda leo atadai ardhi kesho. Wakaazi nao, wasio na hati, walilima mihogo na mahindi ya msimu mmoja, wakiogopa kupanda kitu ambacho wangefukuzwa wakakiacha. Basi hofu ya pande zote mbili imetunyima miti mingi sana.

Sheria yetu tukufu imeweka mizani hapa. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba mtu mmoja alipanda mitende katika ardhi ya mwenziwe, na Mtume (S.A.W.) akaamua kuwa ardhi ibaki kwa mwenyewe na mitende ile ing'olewe. Mzizi uliopandwa kwa dhulma hauna haki. Kwa hivyo anayepanga au anayekaa kwa ruhusa asipande kwa siri. Na azungumze na mwenye nyumba, waandikiane hata kwa karatasi moja mbele ya mashahidi: mti huu amepanda fulani kwa idhini ya fulani, si dai la ardhi, matunda yataliwa na wakaao hapa, na haukatwi bila ya kushauriana. Mwenye nyumba naye asiwe mgumu. Kivuli hupunguza joto la nyumba yake, na sadaka inamwingia yeye kwa ardhi na mpangaji kwa jasho. Mpangaji akihama, thawabu zake hazihami.

Jambo la pili ni mirathi. Mara nyingi mzee akifariki, shamba lililokuwa na minazi na miembe ya miaka 50 hugawanywa ploti, na siku ya pili msumeno huingia. Warithi wana haki yao, nayo ni faradhi iliyowekwa na Mwenyezi Mungu. Hakuna awezaye kuizuia kwa kisingizio cha kupenda miti. Lakini yako mambo manne ambayo familia yenye hekima huyafanya mapema.

La kwanza, mabinti wapewe sehemu yao kwa ukamilifu. Tumezoea kuona dada akiambiwa "wewe umeolewa, miti itakufaa nini?" Minazi ni mali. Ikiwa shamba lina minazi 60, thamani ya minazi hiyo imo katika mirathi, na dada ana fungu lake humo.

La pili, warithi wanapopima wajaribu kupitisha mipaka pembeni mwa miti mikubwa badala ya juu yake. Mwembe ulio mpakani wakubaliane kuula pamoja. Mpimaji akiambiwa mapema, huweza kufanya hivyo bila ya kumpunguzia mtu haki yake.

La tatu, mwenye mali angali hai aweza kuusia hadi thuluthi ya mali yake kwa wasiokuwa warithi wake au kwa jambo la kheri, kama vile minazi kumi matunda yake yaende madrasa.

La nne ni wakfu. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi Khaybar iliyokuwa mali yake ya thamani kuliko zote, alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka ushauri. Akaelekezwa aizuie asili yake na mapato yake ayatoe sadaka. Basi ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na mazao yake yakawa ya mafakiri, jamaa, wasafiri na wengineo, na msimamizi wake akaruhusiwa kula kwa wema. Hapo ndipo uliposhikamana mti na watu ambao hawajazaliwa. Kipande kidogo cha shamba chenye miembe mitatu, kikiwekwa wakfu kwa maandishi sahihi, hakitafikiwa na msumeno wa mjukuu mwenye haraka. Anayetaka kufanya hivyo na awaone masheikh wake, ofisi ya Kadhi na Tume ya Wakfu, ili nia njema isije ikawa chanzo cha kesi.

Ahadi ya nyumba

Baada ya hayo, nyumba yetu ianze wapi? Tunapendekeza daftari moja. Andikeni humo jina la mti, siku uliyopandwa, aliyeupanda, wa kuutilia maji siku gani, na nani ana idhini ya kuukata. Baba, mama na watoto waweke majina yao. Mtoto wa miaka saba anayefunzwa Swala anaweza pia kupewa kopo lake la maji na mti wake. Wako wanaopenda kupanda mti mtoto anapozaliwa. Hiyo si sehemu ya akika wala si sharti la dini, bali ni ada njema, kwa kuwa mtoto atakua akiona umri wake umesimama uani.

Mti upi? Tuchague kwa mahali. Kwenye ua mdogo, mndimu, mstafeli, mtomoko au mpera hutosha. Penye nafasi, mnazi, mwembe, mkwaju au mzambarau. Mwarobaini hustahimili ukame na hutoa kivuli kizuri, lakini usipandwe karibu na ukuta, kisima wala shimo la choo. Kina mama wasisahau miti ya harufu. Mkilua, mlangilangi na mwasumini ndiyo iliyotungiwa vikuba vya bibi zetu, na mhina ndio uliopamba mikono yao. Leo wengi wetu hununua hina ya pakiti na manukato ya chupa, na mabinti wetu hawaujui mkilua hata kwa sura. Mti unapopotea, hupotea pamoja na jina lake na ada iliyouzunguka. Kwa wakaao kando ya ghuba, mikoko nayo ina mpango wake: mlilana hukaa mbele ukingoni mwa bahari, mkoko nyuma yake, mkandaa mbali zaidi. Kupanda mahali pasipo pake ni kuupa kifo, kwa hiyo waulizwe wazee wavuvi na maafisa wa misitu kabla ya kuingia matopeni.

Namna ya kupanda haina siri kubwa. Shimo la futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Samadi iliyooza ichanganywe na udongo wa juu. Pandeni masika yanapoanza, ili mche upate miezi ya mvua kabla ya kaskazi. Panga makumbi ya nazi kuuzunguka, kwani hushika unyevu. Uzio wa makuti au miiba huzuia mbuzi, na kuti moja lililoinamishwa upande wa magharibi huukinga na jua la alasiri. Chupa ya plastiki iliyotobolewa kitakoni na kufukiwa karibu na mizizi hudondosha maji polepole.

Na maji yatoke wapi katika miji ambayo mfereji hutoka siku moja kwa wiki? Yako maji tunayoyamwaga kila siku. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa sana. Na yako maji ya udhu. Msikiti wenye waumini 100 kwa kila Swala humwaga maji mengi mara tano kwa siku, nayo huishia mtaroni. Mfereji mdogo kutoka birikani hadi kwenye miti minne ya uani haugharimu fedha nyingi, na miti hiyo haitakaukiwa maadamu kuna watu wanaoswali. Hata hivyo tukumbuke kuwa israfu imekatazwa hata katika udhu, kwa hiyo tusifungue bomba zaidi kwa sababu ya mti.

Wasio na ua kabisa, wakaao katika ghorofa za Mombasa au Malindi, waungane na wenzao. Kikundi cha akina mama kumi wanaochangiana kila mwezi kinaweza kuchukua miti kumi ya madrasa na kupangiana zamu. Mmoja akisafiri, mwenziwe humtilia. Mmoja akifariki, jina lake lisifutwe kwenye daftari. Zamu yake ipewe bintiye, au yeyote atakayeipokea. Huo ndio ushirika wa kweli, kwani ahadi ya mtu mmoja hukatika kwa ugonjwa, safari au mauti, na ahadi ya wengi hupokezanwa.

Wazee wetu walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Basi tukikaa chini ya mkwaju wenye umri kuliko mtaa wenyewe, tujue kuna aliyeuchotea maji akiwa na shida zake, madeni yake na watoto wake wagonjwa. Hatujui jina lake, lakini tunakula sadaka yake. Nasi tumekaa katika nafasi hiyohiyo kwa watu wasiotujua, watakaozaliwa katika nyakati zenye joto kuliko hizi. Wana haki juu yetu, nao hawana ulimi wa kuidai.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.T.) awarehemu waliotutangulia na waliotupandia, azitakabalie kazi za wanaopanda na wanaotunza, atujaalie mvua zenye manufaa, na aufanye kila mti uliowekwa kwa ajili Yake kuwa sadaka isiyokatika. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.